UZI: Miaka 14 ya ukalimani kambini Nakivale. Ulizeni, ila kwanza someni kisa cha "bibi"

#1 Mkalimani_Rubondo (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Juzi kwenye uzi mwingine kuna mdau aliuliza kama kweli yupo mtu anayeifanya kazi ya wakimbizi kuwa kazi yake ya maisha, au ni vijana wa chuo wanaopita tu huku wakinusa ajira ya mjini. Majibu yakawa ya kubeza. Mmoja akasema "hao ni Land Cruiser na viyoyozi". Nikaona nifungue wangu, maana kiyoyozi mimi nimekiona mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimeitwa kutafsiri.

Mimi ni Mkongo wa Rutshuru. Niliingia Uganda kwa miguu mwishoni mwa 2008, vita vya waasi wa CNDP, nikapitia mpakani Bunagana. Tangu 2011 natafsiri: Kiswahili, Kinyabwisha na Kifaransa kwenda Kiingereza, na kurudi. Nimefanyia mashirika manne tofauti. Fulana zinabadilika, benchi ni lile lile.

Kwa wasioijua Nakivale: iko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, Tanzania haiko mbali. Ilianza 1958 na waliojaa mwanzo ni Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Yaani kambi hii ni kubwa kwa umri kuliko uhuru wa Uganda. Serikali inapaita makazi, kwa sababu mtu anapewa kiwanja na kipande cha kulima, hazungushiwi uzio. Sisi tunasema kambi tu. Tupo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea, na kila mmoja akiwa na shida lazima shida yake ipite kwenye mdomo wa mtu fulani ndipo imfikie anayeandika. Huo mdomo ndiyo kazi yangu.

Sasa kisa.

Baada ya vita vya kwanza vya waasi wa M23, 2012, alikuja mzee mmoja mkulima wa Masisi na watoto wanne. Siku ya kuandikishwa aliulizwa familia yake iko wapi. Akasema kwa Kiswahili chetu: "Balikamata bibi yangu mu njia, miye nikabakia na batoto." Mkalimani siku hiyo hakuwa mimi. Alikuwa kijana mzuri tu, Kiswahili chake cha darasani, safi kuliko changu. Kwake bibi ni mama aliyemzaa baba au mama. Na kukamata kwake ni kazi ya polisi. Kwa hiyo kwenye faili kukaandikwa kwa Kiingereza kwamba nyanya wa huyu mzee alitiwa mbaroni. Mke, hakuna.

Mkongo yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Kwetu bibi ni mke. Na kukamata ni kuchukua tu. Hata pesa naweza kukuambia "kamata hii".

Mzee hasomi Kiingereza. Akaweka kidole gumba, akaenda zake. Miaka minne baadaye akapata prosesi, yaani akaitwa mahojiano ya kupelekwa nchi ya tatu. Siku hiyo benchini ni mimi. Afisa, mama wa nje, akamuuliza kuhusu mkewe. Mzee akaeleza. Afisa akafungua faili, akageuza kurasa, akasema: hapa huna mke, una nyanya aliyekamatwa, sasa huyu mke ametoka wapi leo? Mzee akanitazama mimi, si afisa. Hawa wazee huamini kwamba mkalimani ndiye anayeuliza.

Sheria yetu ni kwamba mkalimani ni bomba. Maji yanapita, bomba halisemi. Na ukilazimika kusema, unajitaja kama mtu wa mbali. Nikasema: "Mkalimani anaomba kufafanua neno." Nikafafanua. Yule mama akakaa kimya kidogo, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu: hili neno liko kwenye mafaili mangapi?

Karibuni. Nikichelewa kujibu jueni sola imeisha.

#2 Kijana_wa_Buza

Siti ya mbele kabisa. Mkuu umenikumbusha Kariakoo, Mkongo aliniambia bibi yake ana miaka ishirini na nane nikabaki nahesabu.

#3 Kabalagala_Kwetu

Uzi mzuri mzee, ila tusidanganyane. Mimi ni Mganda, naishi Kampala, hizo Land Cruiser naziona kwa macho. Na 2018 mmesahau? Wakimbizi walikuwa wanatajwa milioni moja na laki nne, serikali na UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa) wakaleta mashine za alama za vidole na kupiga picha za macho, hesabu ikarudi karibu milioni moja na laki moja. Wale laki tatu walikuwa wanakula nini na walikuwa wanalala wapi? Walikuwa wanakula kwenye vitabu. Maafisa wakasimamishwa kazi. Sasa mtu akiniambia "nimejitolea maisha yangu kwa wakimbizi" namuuliza kwanza: wa nyama au wa karatasi?

#4 Mkalimani_Rubondo

@Kabalagala_Kwetu swali lako ni halali na sitalizunguka. Lakini jua foleni ile ya kuhakiki 2018 nani alikuwa anaisimamia juani akieleza watu kwa lugha tano kwa nini wanaandikwa upya: ni sisi. Watu walikuwa na hofu kwamba mashine inachukua damu. Nilitumia wiki nzima kueleza kwamba jicho halitolewi. Waliokula kwenye vitabu sikuwahi kuwaona benchini.

#5 binti_wa_rwamwanja

Shikamoo kaka. Mimi nimemaliza S6 (kidato cha sita) hapa kambi ya Rwamwanja, baba na mama walikuja 2012. Nataka kufanya kazi kama yako. Naanzia wapi? Na je, yule mzee mkewe alipatikana?

#6 Mama_wa_Yumbe

Mimi si mkalimani, ni mkunga. Naandika kutoka West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Huku Kiswahili chetu ni cha mchanganyiko, mtanisamehe.

Nilizaliwa 1978. Amin alipoanguka 1979 na wanajeshi wakaja kulipiza kisasi kwetu, watu wa West Nile tulikimbia, wengine Zaire, wengine Sudan. Mama alinibeba mgongoni mpaka upande wa Yei. Nilijifunza kutembea nikiwa mkimbizi. Kadi ya mgao ya kule Sudan mama ameihifadhi ndani ya kopo la maziwa mpaka leo, na ukimuuliza ya nini anasema huwezi kujua.

Agosti 2016 wakafungua kambi ya Bidibidi hapa Yumbe. Lilikuwa pori la nyasi ndefu na mawe. Kufika Desemba kulikuwa na watu zaidi ya laki mbili na sabini elfu kutoka Sudan Kusini. Hebu fikirini, mji mzima umeota ndani ya miezi mitano na wanawake wake hawakuacha kuzaa ili sisi tujenge kwanza. Wiki za mwanzo nilizalisha chini ya turubai, tochi ya simu nimeiuma kwa meno kwa sababu mikono yote miwili ina kazi. Mpaka leo jino langu la kushoto lina ufa. Wengi waliokuja wanatoka kule kule Yei. Bibi mmoja (bibi mzee @Mkalimani, si mke!) aliniuliza jina la baba yangu, akasema ukoo huo ulilima jirani na shamba lao wakati sisi ndio tulikuwa wakimbizi. Sikuweza kuongea, nikaendelea kufunga kitovu.

Watu huniuliza kwa nini sihamii hospitali ya mjini Arua. Sijui niwajibu nini. Nina deni, na aliyenikopesha ameshafariki.

#7 Kabalagala_Kwetu

Mama, nimekusoma. Nimetulia.

#8 Mkalimani_Rubondo

@binti_wa_rwamwanja marahaba mdogo wangu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu mimi sikuwa na wa kuniambia.

Kwanza Kiingereza, hilo halina mjadala, na si cha kujisifu, ni cha kusema "koo", "kondo la nyuma", "shemeji", "mkopo wa riba" bila kusita. Pili, usikidharau Kiswahili cha nyumbani. Shuleni wamekufundisha kwamba "batoto" ni kosa. Benchini "batoto" ni ushahidi. Mtu akisema "baba mdogo" usimgeuze kuwa baba mfupi, nimelisikia hilo kwa masikio yangu. Akisema mtoto wa kaka yake ni mtoto wake, haongopi wala haongezi kichwa apate mgao, ndivyo tunavyolea. Lakini asiyejua ataandika watoto sita, mahojiano ya pili watoto wanne, na hapo faili limeugua.

Na saa! Mtu anasema walivamiwa saa mbili usiku. Mimi na wewe tunajua watu walikuwa wanakula. Mkalimani mvivu anatamka "mbili" na mgeni anaandika usiku wa manane. Mwaka unaofuata mke wa yule mtu anahojiwa peke yake, anasema tulikuwa mezani. Wanaambiwa wanatofautiana. Wamelala kitanda kimoja miaka ishirini, wametofautiana kwa saa sita, na kosa ni la mtu wa tatu ambaye jioni ile alienda zake kuangalia mpira.

Tatu, na hili hawatakufundisha: mkalimani hasemi "anasema walimpiga". Anasema "mimi". Mama akisema nilishikwa na wanaume wanne, nami natamka kwa Kiingereza, kwa sauti yangu hii ya kiume, "mimi nilishikwa". Ndiyo kanuni, na ni kanuni nzuri, afisa amsikie mwenyewe na si mimi. Lakini hesabu. Kuna siku nilifiwa na watoto watatu kabla ya chakula cha mchana, wa familia tatu tofauti. Kisha nikala posho na maharage, yakashuka vizuri tu. Usiku mke wangu ananiambia nimeanza kuongea Kiingereza usingizini. Namshukuru Mungu Kiingereza hakijui.

Kuhusu yule mzee, kuna mengine nitarudi.

#9 Kijana_wa_Buza

Samahani nje ya mada, mkuu unakula posho? Huku kwetu posho ni hela ya kikao. Mnalipwa au mnapikiwa?

#10 Mkalimani_Rubondo

😂 Huku posho ni ugali. Ila umegusa kidonda bila kujua. Tunacholipwa sisi wakimbizi kinaitwa insentivu, kwa Kiswahili chenu ndiyo hiyo posho. Mganda akiajiriwa kukaa benchi lile lile ana mkataba, likizo, bima. Mimi natia saini karatasi kila mwezi kwamba nimejitolea. Miaka 14 nimejitolea! Ukiniuliza nimekula posho, jibu ni ndiyo kwa maana zote mbili.

#11 Wakili_wa_Old_Kampala

Niingie hapo kwenye "kujitolea" kwa sababu ni eneo langu. Nimefanya msaada wa kisheria kwa wakimbizi Kampala kwa miaka tisa.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na haki ya kutembea. Ilichukua nafasi ya sheria ya 1960 ambayo hata jina lake lilikuwa la "kudhibiti", si la kulinda. Ni sheria inayosifiwa dunia nzima. Kwa hiyo ukiona mkimbizi analipwa kama msaidizi wa hisani kwa kazi ya kitaalamu, tatizo haliko kwenye kifungu, liko kwenye bajeti na mazoea.

Na kabla sheria hiyo haijapita kuna watu waliohangaika. Barbara Harrell-Bond, Mmarekani aliyeanzisha masomo ya wakimbizi Oxford mwaka 1982, alikuja Makerere miaka ya tisini na ana mkono katika kuanzishwa kwa Refugee Law Project mwaka 1999, chini ya kitivo cha sheria. Mama yule alikuwa hana adabu kwa mashirika, na nasema hivyo kwa heshima. Aliyakosoa kwa kumfanya mkimbizi mtu wa kulishwa badala ya mtu mwenye haki. Alifariki 2018. Na @Mama_wa_Yumbe, utafiti wake uliomjengea jina ulifanyika mwanzoni mwa miaka ya themanini, Sudan, eneo la Yei, juu ya Waganda waliokimbia. Yaani ninyi.

#12 Mama_wa_Yumbe

Nimempigia mama simu sasa hivi. Hamkumbuki mzungu yeyote. Anakumbuka mihogo.

#13 Ssebo_Isingiro

Mimi ni mwenyeji, nimepakana na kambi. Mnaongea vizuri lakini ardhi hamuitaji. Babu yangu alichungia ng'ombe hapo mnapopima viwanja. Tuliambiwa asilimia thelathini ya miradi ni ya wenyeji: visima, madarasa, dawa. Kwangu kisima kimefika, sikatai, na watoto wangu wanasoma na wa Kikongo, wananirudia nyumbani wakiongea Kiswahili ambacho sisi tulikijua kama lugha ya askari wakija kunyang'anya kuku. Lakini mtafsiri wa malalamiko ya mwenyeji yuko wapi?

#14 Mkalimani_Rubondo

Ssebo, hoja yako naikubali yote pamoja na kuku. Nimewahi kutafsiri kikao cha ng'ombe walioingia shamba la mahindi la Mrundi. Masaa manne. Mwenyeji anaongea Runyankore, anatafsiriwa kwa Kiingereza, mimi nakipeleka kwenye Kiswahili, mwingine anakipeleka Kirundi. Ng'ombe alikufa wa uzee kabla hatujafika kwenye fidia (natania, ila kidogo tu).

Hilo la Kiswahili linanifurahisha. Katiba ya Uganda iliporekebishwa 2005 ilikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe shule zote. Wakati wanakaa vikao, watoto wako wameshakijua kwa kucheza mpira.

#15 Nilikuwa_Afisa

Natumia akaunti mpya. Nilikuwa afisa ustawi wa watoto katika kambi mojawapo ya magharibi, Mganda, shahada ya ustawi wa jamii, miaka kumi na mmoja. Sasa nauza vifaa vya simu Mbarara.

Mwisho wa Januari 2025 fedha za Marekani ziliposimamishwa, tuliambiwa tuache kila kitu pale pale kilipo. Sikuelewa "pale pale" maana yake nini. Nilikuwa na watoto waliovuka peke yao, hawana mzazi, nimewaweka kwa familia za kulea na nawatembelea kila wiki mbili. Mtoto unamwacha pale pale wapi? Siku hizo hizo Goma ilikuwa inaanguka mikononi mwa M23 na watu wanavuka. Sisi tunapanga makabati.

Kuna familia ilikuwa imeshapewa tarehe ya kuruka kwenda Marekani. Walishauza mbuzi, masufuria, mpaka mlango. Safari ikafutwa wiki ile ile. Waliniita nikaeleze kwa nini. Baba alinikalisha kwenye begi kwa sababu viti alishauza.

Mei PAM (WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa) nao wakawaondoa watu wapatao milioni moja kwenye mgao wa chakula. Hapo sikuwa tena kazini, nilisikia redioni nikiwa dukani nabandika kioo cha simu.

Nimesoma swali la kwanza la uzi huu kama kweli kuna watu wa kudumu. Nilidhani mimi ni mmoja. Ikawa kudumu kwangu kuliandikwa kwenye bajeti ya mtu mwingine. Lakini yule jirani mlezi, mama wa Kikongo ambaye hakuwahi kulipwa hata shilingi, wale watoto wawili bado anao. Nilimpigia Jumapili. Aliniuliza kama mimi nimekula.

#16 Kabalagala_Kwetu

Uzi huu unanivunja. Nilikuja kubisha tu.

#17 mrisi_wa_Kyangwali

Nimsaidie binti wa Rwamwanja. Usisubiri shirika likuite. Kambi ya Kyangwali hapa mwaka 2005 vijana wakimbizi walianzisha kikundi chao, COBURWAS, jina limeunganishwa kutoka Kongo, Burundi, Uganda, Rwanda na Sudan. Walianza kwa kulima mashamba ya watu ili kulipa ada za wenzao. Wengi wetu tumesoma kwa mgongo wao. Kampala nako shirika la YARID lilianzishwa na Wakongo 2007, wakifundisha Kiingereza kwa waliotoka vitani, kwa sababu waliona bila lugha mtu anazeeka bila kazi. Hao wote walikuwa hawana cheo walipoanza.

Na 2018 watu wa Ituri, Kongo, walipokuwa wanavuka Ziwa Albert kwa mitumbwi, wakishukia Sebagoro, kipindupindu kikaingia. Waliokwenda nyumba kwa nyumba kueleza habari ya maji ya kuchemsha ni watoto wa kambi wanaojua Kilendu, Kihema na Kialur. Bango la Kiingereza halikumponya mtu.

#18 Wakili_wa_Old_Kampala

Nina swali gumu kidogo kwa mwanzisha uzi, na naliuliza kwa nia njema. Mkalimani ana kiapo cha kutunza siri. Wewe umetusimulia habari ya mzee wa Masisi mpaka idadi ya watoto. Umevunja kiapo?

#19 binti_wa_rwamwanja

Nami nilitaka kuuliza hivyo hivyo nikaona aibu. Na mkewe?

#20 Mkalimani_Rubondo

Nilijua wakili atafika hapo.

Idadi ya watoto nimebadilisha. Sehemu aliyotoka nimebadilisha. Kisa chenyewe anakisimulia mwenyewe kila penye watu, kwenye harusi, kwenye kinyozi, na anapofika pale "nyanya akatiwa mbaroni" anajipiga goti kwa kicheko. Alinituma nikiandike, akasema labda kitamsaidia mwenye bibi mwingine. Hapo nina ruhusa.

Lakini mmeuliza kiapo ngoja niwaambie kinavyokaa mtaani, maana wakili anakijua kwenye karatasi. Mimi si afisa anayerudi Mbarara Ijumaa. Ninaishi humu. Ninayemtafsiri Jumanne, Jumatano niko naye bombani. Kuna mama mmoja alieleza jambo ambalo hata mumewe halijui. Kesho yake nilimkuta kwenye foleni ya maji. Aliponiona aliacha dumu lake pale pale akaondoka. Hakukimbia, aliondoka tu kama mtu aliyekumbuka jiko. Foleni ikasogea. Ningefanya nini? Nikawa nasogeza dumu langu kwa mkono na lake kwa mguu, mpaka zamu ikafika, nikajaza yote mawili, lake nikaliacha pembeni limefungwa kwa gunzi la hindi. Jioni nilipita, halikuwepo. Tangu hapo akinikuta bombani haondoki, ila hatujawahi kusalimiana, na ni miaka sita. Kiapo hakisemi chochote kuhusu madumu.

Kanisa pia nimehama. Mchungaji alidhani nimekwazika na mahubiri.

#21 Nilikuwa_Afisa

Sisi tulikuwa na mtaalamu wa saikolojia wa kuongea naye kila robo mwaka. Ninyi mlikuwa naye?

#22 Mkalimani_Rubondo

Alikuja mara moja. Alikuwa Mjerumani, mtu mpole. Nilimtafsiria.

#23 Kijana_wa_Buza

Daah.

#24 Mama_wa_Yumbe

@Mkalimani_Rubondo ukifika West Nile nitakuchinjia kuku, na hatutaongea lugha yoyote.

#25 binti_wa_rwamwanja

Kaka nimesoma yote mara mbili. Bado nataka. Kesho naenda kuuliza kwa watu wa RWC (kamati ya wakimbizi wenyewe) hapa kama wanahitaji mtu wa kuwaandikia barua za wazee, nianzie hapo. Ila hujajibu. Mkewe yule mzee alipatikana?

#26 Mkalimani_Rubondo

Kuanzia kwa barua za wazee ni kuzuri sana. Soma kila barua kwa sauti kabla hawajaweka kidole, kwa Kiswahili chao.

Kuhusu mkewe. Nilikuwa natumaini mtasahau. Jibu ninalo, ila nililipata nikiwa benchini, na hilo hakunituma kulisema.

Sola inaisha. Kesho malori ya kutoka Kisoro yanafika Kabazana, kituo cha mapokezi, asubuhi.